Mpaka Ulihama, Watu Wakabaki: Kisumu na Hesabu Zake

Agosti 1969 makarani wa sensa walihesabu watu 32,431 mjini Kisumu. Agosti 1979 wakarudi, wakahesabu 152,643. Miaka kumi tu, na mji umekua karibu mara tano. Ukiziona namba hizo zimepangwa kwenye jedwali, unaweza kudhani dhahabu iligunduliwa pale Dunga, au vijana wa Nyanza nzima walipanda basi siku moja wakashukia stendi ya Kisumu.

Haikuwa hivyo. Ni kweli wapo waliohamia mjini kutafuta kazi, kama kwingineko Kenya baada ya uhuru. Lakini sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni watu ambao hawakuhama popote. Waliendelea kulala kwenye boma la babu yao na kuteka maji kisima kilekile. Kilichohama ni mpaka. Mwanzoni mwa muongo wa 1970 serikali ilichora upya mstari wa manispaa, na Kisumu ikawa na kilomita za mraba 417. Kati ya hizo, 260 zilikuwa nchi kavu na 157 zilikuwa maji. Yaani zaidi ya theluthi moja ya mji ilikuwa ziwa, na sehemu kubwa ya hiyo nchi kavu ilikuwa mashamba ya mtama, malisho ya ng'ombe na makaburi ya wazee.

Historia ya Kisumu husimuliwa kwa reli, meli na wanasiasa. Hayo yote yamo, na tutayapitia. Lakini ukitaka kuelewa kwa nini mji huu uko jinsi ulivyo leo, kwa nini katikati kuna barabara pana zenye miti na ukitembea dakika ishirini unaingia kwenye vichochoro vya mabati, fuata ile mistari. Uliza ni nani aliyeichora, na ni nani aliyeamka asubuhi akajikuta upande wa pili.

Mahali pa kutafuta chakula

Kabla ya mistari kulikuwa na ufuo. Kisumu imekaa kwenye pembe ya kaskazini-mashariki ya Ghuba ya Winam, ulimi wa maji unaoingia Kenya kutoka Ziwa Viktoria, lile ambalo Waluo huliita Nam Lolwe. Ziwa zima lina karibu kilomita za mraba 68,800, na Kenya ina asilimia 6 hivi peke yake. Tunapenda kusema "ziwa letu", lakini tuna kipande kidogo, na kipande chenyewe ni ghuba yenye maji ya kina kifupi.

Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kusini kidogo tu mwa ikweta. Kaskazini kuna vilima vya Riat, na nyuma yake ukingo wa Nandi. Mashariki ni tambarare ya Kano. Mchana joto hupanda hadi watu wakajificha chini ya miti, upepo wa ziwa ukakutana na vilima, na jioni radi zikaanza. Maji yanayoshuka kutoka Nandi lazima yapite tambarare hiyo ndipo yaingie ziwani. Kwa hivyo sehemu za chini za mji zinapata maji kutoka pande mbili: mito ikijaa kutoka juu, na ziwa likijaa kutoka chini.

Kuhusu jina, maelezo yanayojulikana zaidi ni ya Kijaluo. Kwenda *kisuma* ni kufunga safari ya kutafuta chakula wakati wa njaa, kwa kubadilishana au kwa kuomba kwa watu mnaofahamiana. Waluhya nao wana maelezo yao yasiyo mbali na hayo, na ubishi huo tuwaachie wazee. La muhimu ni kwamba jina lenyewe linataja mahali pa kukutania. Watu wa ziwani walileta samaki, watu wa vilimani wakaleta nafaka, kila mtu akarudi kwao kabla ya giza.

Ardhi yenyewe ilikuwa na wenyewe. Kisumo, Kajulu, Kogony, Korando, Kanyakwar: haya ni majina ya koo kabla hayajawa majina ya kata na vituo vya matatu. Ukiuliza leo kwa nini kesi za ardhi hazishi Kisumu, anza na orodha hiyo.

Reli iliyotoka Kenya kwenda Uganda bila kuvuka mpaka

Waingereza walipoanza kujenga reli Mombasa mwaka 1896, haja yao haikuwa Kisumu wala Nairobi. Waliitaka Uganda na mto Nile. Ndiyo maana waliiita Reli ya Uganda. Mpango wa kwanza ulikuwa ifike ziwani mahali palipoitwa Port Victoria, huko Bunyala karibu na mpaka wa Uganda wa sasa. Baadaye wakapima tena wakaona njia ya kushukia Ghuba ya Winam ni fupi zaidi. Port Victoria ikabaki na jina kubwa bila reli. Kisumu ikapata reli, na kwa muda ikapoteza jina lake: iliitwa Port Florence. Inasimuliwa kwamba ni kwa heshima ya Florence Preston, mke wa mhandisi Ronald Preston, ambaye alipewa nyundo apigilie msumari wa mwisho Desemba 1901.

Na hapa ndipo mstari wa kwanza unaingia. Siku msumari ule unapigiliwa, Kisumu ilikuwa Uganda. Mpaka kati ya himaya hizo mbili za Uingereza ulipita mbali kule mashariki, na upande huu wote wa Nyanza ulihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Kisha tarehe 1 Aprili 1902 mkoa huo ukahamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, ile ambayo baadaye tuliiita Kenya. Sababu kubwa ilikuwa ya kiofisi: ilionekana vyema reli nzima iwe chini ya utawala mmoja. Mjaluo wa Kajulu, Mnandi wa juu ya ukingo na Mluhya wa Mumias walilala Uganda wakaamka Kenya. Hakuna aliyeulizwa.

Hebu fikiria kidogo. Siasa zote za Kenya tunazozijua, kuanzia Jaramogi Oginga Odinga na Tom Mboya hadi kura za miaka ya hivi karibuni, zingekuwaje kama karani fulani angeamua reli igawanywe mara mbili?

Mji ulianza kwa meli na duka. Meli ya kwanza ya mvuke, William Mackinnon, ililetwa kutoka Uskoti vipande vipande. Wapagazi walivibeba sehemu kubwa ya njia kwa sababu reli ilikuwa haijafika, kisha meli ikaungwa hapo Kisumu na kushushwa majini mwaka 1900. Zikafuata nyingine, Winifred, Sybil, Clement Hill, nazo zikaunganisha Kisumu na Entebbe, Jinja, Bukoba na Mwanza. Pamba ya Uganda ilipitia hapa ikielekea Mombasa. Wafanyabiashara wa Kihindi walikuja na reli, wengine hata kabla yake. Alidina Visram, Mwismaili kutoka Kutch aliyekuwa na maduka kuanzia pwani hadi Uganda, alikuwa miongoni mwa waliofungua biashara hapa mapema. Wahindi wengine walipewa mashamba upande wa Kibos, wakalima miwa.

Mumias, uliokuwa mji mkubwa wa misafara na makao ya utawala, ukaanza kupoa. Kisumu ikashika nafasi. Miaka ya 1930 hata ndege za Imperial Airways, zile zinazotua juu ya maji, zilitumia ghuba hii kama kituo kwenye safari ya kutoka Uingereza kwenda kusini mwa Afrika. Lakini kilichojenga mji ndicho kilichokuja kuupunguza. Mwaka 1931 reli nyingine, iliyopitia Nakuru na Eldoret, ilifika Kampala moja kwa moja. Mzigo wa Uganda haukulazimika tena kupanda meli Kisumu. Mji haukufa, ila haukuwa tena mlango pekee.

Mlimani, bazaari na ng'ambo

Ndani ya mji wenyewe mistari iliendelea kuchorwa. Miaka ya mwanzo ya karne iliyopita Kisumu ilisifika kwa magonjwa: malaria, tauni, na malale yaliyokuwa yakiua watu kwa maelfu kuzunguka ziwa. Badala ya kuuliza kwa nini maji machafu hayaondolewi, watawala waliuliza nani anakaa karibu na nani. Katikati ya muongo wa 1910 daktari W. J. Simpson, aliyetumwa na serikali ya Uingereza kukagua afya ya miji ya Afrika Mashariki, alipendekeza igawanywe kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, na katikati kuachwe uwanja mtupu. Afya ikawa sababu nzuri ya kusema jambo ambalo lingesemwa hata bila tauni.

Kisumu ukiitazama vizuri bado unaiona ramani hiyo. Milimani, sehemu iliyoinuka na kupata upepo, ilikuwa ya Wazungu. Bazaari, na nyumba za ghorofa moja zenye duka chini na familia juu, ilikuwa ya Wahindi. Kaloleni, moja ya mitaa ya zamani kabisa ya Waafrika mjini, ilikaliwa na Waislamu wa asili mbalimbali, wakiwemo Waswahili na Wanubi waliofuata jeshi na misafara. Wafanyakazi wa reli walikuwa na nyumba zao za reli. Baadaye baraza la mji likajenga mitaa ya kupangisha: Shauri Moyo, Ofafa, Lumumba, Makasembo, Ondiek, Arina. Majina mengine yanabeba historia. Ambrose Ofafa alikuwa kiongozi wa Luo Union na diwani wa Nairobi aliyeuawa mwaka 1953. Watu wake walichanga pesa wakamjengea ukumbi wa kumbukumbu Kisumu.

Lakini kwa Mjaluo wa wakati huo, mji haukuwa nyumbani. Nyumbani ni *dala*, boma la baba, pale unapojenga *simba* yako ukibalehe na pale utakapozikwa. Mjini unafanya kazi, unalipa kodi, unaishi kwa ruhusa. Ukifa unarudishwa. Hata Luo Union, iliyosaidia watu kukaa mijini, ilikuwa na kazi ya kuhakikisha hawasahau njia ya kurudi. Sensa ya 1948 ilipata watu 10,899 tu, na ya 1962 ikapata 23,526. Mji mdogo, wenye kuta zisizoonekana, umezungukwa na vijiji vilivyouuzia maziwa, kuni na samaki asubuhi na kurudi kwao jioni.

Mwaka 1969

Turudi kwenye ile sensa ya kwanza. Mwaka 1969 haukuwa mwaka wa kawaida Kisumu. Tarehe 5 Julai Tom Mboya alipigwa risasi Nairobi. Agosti makarani wakapita wakihesabu watu. Oktoba 25 Rais Jomo Kenyatta alikuja kufungua Hospitali Kuu mpya ya Nyanza, iliyojengwa kwa msaada wa Muungano wa Sovieti. Jaramogi, aliyekuwa kiongozi wa chama cha upinzani KPU, alikuwepo. Maneno makali yakarushwa mbele ya umati, kukawa na zogo na mawe, na walinzi wa rais wakafyatua risasi huku msafara ukiondoka.

Serikali ilisema waliokufa ni 11. Mashahidi waliozungumza na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano miongo minne baadaye walisema ni wengi zaidi, na kwamba watu waliuawa pia kando ya barabara mbali na uwanja. Siku chache baadaye KPU ilipigwa marufuku na Jaramogi akawekwa kizuizini. Hospitali ile leo ina jina lake rasmi. Mtaani bado inaitwa Russia. Mwambie mtu wa boda "nipeleke Russia" na hatakuuliza swali la pili.

Natamani kusema tunajua ni wangapi kati ya wale 32,431 wa Agosti hawakuufikia mwisho wa mwaka. Nchi iliyoweza kuhesabu watu hadi wa mwisho kwa ajili ya sensa haikukubaliana na watu wake kuhusu hesabu ya maiti. Kuanzia hapo Kisumu na serikali ziliangaliana kwa jicho la pembeni kwa muda mrefu.

Mji ulipowafuata watu kwao

Muda mfupi baada ya hayo ndipo mpaka wa manispaa ulipotanuliwa. Kisumu ilihitaji nafasi ya viwanda na makazi, na wapangaji wa mji walitazama mbele. Mstari mpya ulizunguka Nyalenda, Manyatta, Obunga, Bandani, Dunga, Kajulu, Kogony, Korando, hadi ndani ya ziwa.

Tofautisha hili na Nairobi. Kibera ilikua juu ya ardhi ya serikali, na hadi leo anayejenga chumba pale hana hati. Kisumu ni kinyume. Ardhi ya Manyatta na Nyalenda ilikuwa ya koo, ikapimwa na kusajiliwa kwa majina ya watu. Mwenye shamba alikuwa na hati miliki mkononi. Kwa hivyo mji ulipowafikia, hawakufukuzwa. Walijenga. Mzee mwenye ekari mbili akaona vijana wanatafuta chumba, akajenga safu ya vyumba sita vya udongo na mabati pembeni ya boma. Mwanawe akajenga vingine sita. Mgao wa urithi ukakata shamba vipande, kila kipande kikapata safu yake, na hakuna aliyeacha nafasi ya barabara kwa sababu hakuna anayekata barabara ndani ya boma la baba yake.

Hivyo ndivyo ukanda ule unaouzunguka mji wa zamani kama hirizi shingoni ulivyozaliwa. UN-Habitat ilipouchunguza miaka ya 2000 ilikadiria kwamba takriban asilimia 60 ya watu wa Kisumu wanaishi humo. Tunauita "slamu" kwa neno moja, lakini ukiingia Nyalenda kwa utulivu utaona mambo ambayo hayapo Mathare. Keja za kupanga, halafu katikati yake nyumba ya mwenye boma, mwembe mkubwa, ng'ombe wawili, na kaburi la saruji lenye vigae ambalo watoto wa wapangaji hukalia wakicheza. Landilodi hana haja ya kutuma ajenti. Anakaa hapo, na babu yake amelala hapo.

Ajabu ya mambo ni hii. Kwa kizazi kizima mji ulikuwa mahali usipozikwa. Sasa mji wenyewe umejengwa juu ya madala. Ndiyo maana vijana wanapouita "Kisumu Dala" kwenye fulana na nyimbo, kuna mahali ambapo neno hilo si mzaha hata kidogo.

Tatizo ni kwamba mpaka ulihama haraka kuliko mabomba. Kuwa ndani ya manispaa kulileta malipo na sheria za ujenzi. Maji safi, mifereji ya taka na lami vilibaki kwa miongo mingi kwenye mji wa zamani. Watu wa ukanda wakachimba visima vifupi, na choo cha shimo kikachimbwa hatua chache kutoka kisimani, kwa kuwa ploti ni ndogo. Nyalenda iko chini karibu na ziwa, maji ya ardhini yako karibu sana na uso. Mvua kubwa ikija, kisima na choo huwa kitu kimoja. Kipindupindu hakihitaji maelezo mengine. Baadaye kampuni ya maji ya mji ilibuni mpango wa kuwauzia maji kwa jumla vikundi vya wenyeji, nao wakayafikisha mlangoni kwa mabomba madogo. Ulisaidia, na unasaidia.

Na kila nchi inapogawanyika kuhusu kura, ni ukanda huohuo unaolipa. 2007 na 2008, kisha 2017, jina la Kondele lilisikika kwenye redio kuliko jina lolote la Kisumu. Agosti 2017 mtoto wa miezi sita alipigwa na polisi ndani ya nyumba yao Nyalenda, akafa siku chache baadaye. Mahakama iliyochunguza kifo hicho iliwakuta maafisa wa polisi na lawama. Milimani hakukuvunjwa mlango.

Je, hili ni jiji?

Mwaka 2001, Kisumu ikitimiza miaka mia, ilitangazwa kuwa jiji. Watu walicheza. Kisha mwaka 2011 ikatungwa sheria ya miji iliyosema jiji linahitaji angalau wakazi 500,000. Kisumu haikuwa nao. Ilibaki jiji kwa sababu sheria iliyatambua yale yaliyokuwa yametangazwa tayari. Mwaka 2019 sheria ikarekebishwa na kiwango kikashushwa hadi 250,000, Kisumu ikapumua.

Lakini ina watu wangapi? Hapa ndipo hesabu inapogeuka mchezo. Sensa ya 2009 iliwapa manispaa nzima watu 409,928. Sensa ya 2019 ikaupa mji 397,957. Mtu akiweka namba hizo pamoja anatangaza kwamba Kisumu inapungua. Haipungui. Mwaka 2009 walihesabu kwa mpaka wa manispaa, pamoja na vijiji vyake. Mwaka 2019 walihesabu eneo lililoonekana kuwa la kimji. Ukichukua kaunti ndogo tatu zinazobeba jina la Kisumu, yaani Central yenye 174,145, East yenye 220,997 na West yenye 172,821, unapata 567,963. Ukichukua kaunti yote unapata 1,155,574.

Hizo zote ni kweli, na zote zinaitwa Kisumu. Si mchezo wa namba tu. Pesa za barabara, zahanati na mabomba hufuata hesabu. Ukiwa na namba ndogo unaambiwa wewe ni mji mdogo, subiri. Ukiwa na mpaka mkubwa unaambiwa watu wako wametawanyika, ni ghali kuwafikia. Kwa vyovyote yule wa Obunga anasubiri.

Reli inarudi, na mstari wake

Kwa miaka mingi ghuba ilikuwa kimya. Jumuiya ya zamani ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, meli zikagawanywa kati ya nchi tatu, biashara ya ziwa ikasinyaa. Kiwanda cha nguo cha KICOMI kilifungwa. Katika miaka ya 1990 gugumaji likaingia na kufunika ghuba kwa zulia la kijani, wavuvi wakaweza kukaa siku nzima wakisukuma mtumbwi bila kufika popote. Meli ya Uhuru, iliyobeba mabehewa tangu miaka ya 1960, ilikaa gatini miaka mingi ikiota kutu.

Kisha mambo yakageuka. Bandari ikakarabatiwa, Uhuru ikarudi majini, kiwanda cha bia kilichokuwa kimefungwa kikafunguliwa tena mwaka 2019, na Desemba 2021 treni ya abiria kutoka Nairobi ikafika tena. Mei 2022 Kisumu ikapokea mkutano wa Africities, mji wa kwanza wa kadiri yake kufanya hivyo Afrika. Katikati ya mji kulipakwa rangi, kukawekwa njia za miguu. Ni mazuri, na hakuna mtu wa Kisumu anayetaka ghuba irudi kulala.

Ila angalia nani alipisha. Lwang'ni, ule ufuo wa vibanda ambako nusu ya Kenya imekula samaki kwa mikono, ulivunjwa wakati bandari inafufuliwa. Jina lake kwa Kijaluo ni nzi, na akina mama waliopika pale walilibeba bila aibu. Februari 2021 huko Kibos, familia za Wanubi zilizokuwa zimeishi kando ya reli kwa vizazi vingi zilibomolewa nyumba usiku, kwa maelezo kwamba ni ardhi ya shirika la reli. Babu zao waliletwa na utawala uleule uliojenga reli. Mstari uliowaleta ndio ukatumika kuwaondoa.

Na ziwa nalo lina mstari wake, usiochorwa na ofisi yoyote. Mei 2020 maji yalipanda hadi kiwango kilichozidi hata mafuriko makubwa ya mwanzo wa miaka ya 1960. Dunga ikaingia maji, vyoo vikafurika, watu wa upande wa Kano wakahamia mashuleni. Wazee walisema ziwa limekuja kuchukua chake. Ramani ya manispaa ilikuwa imeshalijumlisha ziwa ndani ya mji tangu muongo wa 1970, kwa hivyo kisheria hakuna kilichovuka mpaka.

Kwa wanaoishi Kisumu sasa, swali ni la vitendo. Mipango mipya inaandikwa: barabara, mifereji, hifadhi ya ufuo, nyumba za bei nafuu. Kila mpango una ramani, na kila ramani ina mstari. Wenye hati Manyatta watakaa mezani, kwa sababu wana karatasi. Wapangaji wao, ambao ni wengi kuliko wao, hawana karatasi wala kaburi la babu la kuonyesha. Wao ndio wanaoamka saa kumi na moja kwenda kuuza omena Kibuye, kuendesha tuktuk, kufundisha, kusoma chuo. Wakihamishwa hakuna sensa itakayowaona wakiondoka, kwa kuwa karani hupita mara moja kwa miaka kumi, na chumba kitakuwa kimeshapata mtu mwingine.

Ramani ya rasimu ikibandikwa kwenye ubao wa matangazo ya jiji, kwa sheria yetu mwananchi ana haki ya kuiona na kutoa maoni. Mwaka 1902 haki hiyo haikuwepo, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 wachache sana waliijua. Nenda uitazame. Tafuta mtaa wako, kisha utafute mstari umepita upande gani wa mlango wako.